Nani Anaisemea Katesh Huko Angani?



Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang, likaiangukia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Tangu siku hiyo sisi wa Hanang na Mbulu twasikiliza utabiri wa mvua kwa makini zaidi. Utabiri huo hutegemea pia picha za mawingu zipigwazo na setilaiti, nazo si mali yetu.

Mkataba wa mwaka 1967 wakataza taifa lolote kujitwalia anga za juu au mwezi. Walioongoza kuuandaa ni Marekani na Urusi ya Kisovyeti, mahasimu waliokuwa wakiogopana. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, zikiwamo jirani zetu Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, zilidai huko Bogota ile njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya nchi zao. Dai hilo lilipita kiasi, wala halikukubaliwa. Lakini hofu yao ilikuwa ya haki: wachelewao wataachiwa nafasi gani?

Leo Marekani ina mapatano yake ya mwaka 2020, ambayo Rwanda iliyatia sahihi mwaka 2022. China na Urusi nazo, tangu 2021, zina mpango wao wa kituo cha mwezini. Wanyonge huhesabiwa upande huu au ule kabla ya kuulizwa mahitaji yao.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na anga hukutana Vienna, na huamua kwa makubaliano ya wote. Wabunge wetu wajapo, pamoja na habari za barabara na maji, tuwaulize: huko Vienna nani anaisemea Katesh?