Nukta na mkato visiwachanganye watoto wetu

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Rusumo, Gatuna, Rubavu au Rusizi hahitaji kuelezwa kwamba nukta moja ina uzito. Mizani ikionyesha kilo 1.05 naye akaandika 1.5 katika daftari lake, amelipia gramu 450 ambazo hazimo mfukoni. Akilirudia kosa hilo kila siku ya soko, mtaji utakwisha na hakuna mwizi wa kukamatwa.

Leo tunalizungumzia kosa hilo, lakini hatuzungumzii mizani. Tunazungumzia darasa la shule ya msingi, kwa sababu huko ndiko linakozaliwa.

Mwalimu anayefundisha desimali kwa mara ya kwanza analijua vizuri. Akiandika ubaoni 0.5 na 0.125, kisha akauliza ipi ni kubwa, watoto wengi watanyoosha mikono kusema 0.125, kwa kuwa 125 inazidi 5. Watoto hao si wajinga. Wanafuata kanuni waliyoizoea tangu darasa la kwanza, kwamba namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Kanuni hiyo ni kweli kwa namba nzima, lakini baada ya nukta haifai tena. Ndivyo ilivyo pia kwa ile njia ya mkato ya kuzidisha kwa kumi kwa kuongeza sifuri mwishoni. Mtoto akiifuata, 2.5 mara kumi inakuwa 2.50, yaani namba ile ile aliyoanza nayo.

Dawa ya kosa hili ni kuelewa nafasi ya tarakimu. Mtoto anayejua kwamba nafasi ya kwanza baada ya nukta ni ya sehemu za kumi, ya pili ni ya sehemu za mia na ya tatu ni ya sehemu za elfu, hatababaishwa na wingi wa tarakimu. Ataanza na sehemu za kumi, aone tano upande mmoja na moja upande wa pili, na swali litakuwa limejibiwa. Asipoelewa nafasi, nukta kwake ni doa tu kwenye karatasi.

Kwetu jambo hili lina ugumu wa ziada. Katika nchi yetu wamo waliorudi kutoka Uganda baada ya mwaka 1994, waliorudi kwa maelfu kutoka Kongo na Tanzania mwishoni mwa 1996, na waliorudi tena kutoka Tanzania mwaka 2013. Kila mmoja alirudi na hesabu ya shule aliyosomea. Waliosoma Kongo na Burundi kwa Kifaransa walifundishwa kutenga desimali kwa mkato, na kutenga maelfu kwa nukta au kwa nafasi tupu. Waliosoma Uganda na Tanzania walifundishwa kinyume chake, nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu.

Matokeo yake, 1,250 kwa mzazi mmoja ni elfu moja mia mbili na hamsini, na kwa jirani yake ni moja na robo. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa kadiri alivyofundishwa. Anayepata taabu ni mtoto, ambaye mchana mwalimu anamwambia hivi na usiku baba anamsahihisha vile.

Oktoba 2008 Serikali iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na utekelezaji ukaanza mwaka 2009. Mjadala juu ya lugha umeendelea miaka mingi tangu hapo, na ni haki uendelee. Lakini pamoja na lugha ilibadilika pia alama. Mwalimu aliyekuwa ameandika mkato maisha yake yote alitakiwa kuandika nukta, na mzazi aliyesoma zamani hakupewa taarifa yoyote. Kwa maoni yetu, jambo hili dogo lilistahili kuelezwa wazi kwa walimu na kwa wazazi, na bado linastahili.

Asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa kimataifa ulithibitisha mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato. Ulisisitiza pia kwamba maelfu yasitengwe kwa nukta wala kwa mkato, bali kwa nafasi tupu, ili msomaji asichanganyikiwe. Mtoto anayeishi karibu na mpaka atakutana na alama zote mbili maishani mwake. Afundishwe zote mbili bila kufichwa, aambiwe ipi inatumika darasani kwake, na azoee kuuliza anapokuta hati ngeni.

Jambo jingine ni mifano inayotumika. Mara nyingi desimali hufundishwa kwa fedha, faranga na senti zake au shilingi na senti zake. Mtoto wetu wa leo hajawahi kununua kitu kwa senti. Hata dola inayozunguka Goma na Bukavu huzunguka kwa noti, na chenji hutolewa kwa faranga za Kongo. Tunamfundisha jambo geni kwa kutumia kitu asichokijua. Tena mfano huo una mtego, kwa maana mtoto huisoma 3.5 kama faranga tatu na senti tano, wakati ni tatu na nusu.

Mizani na utepe wa fundi cherehani ni walimu bora zaidi, na vipo katika kila soko. Mtoto apime maharage ya kilo moja na gramu 50, aandike 1.050, kisha apime ya kilo moja na gramu 500, aandike 1.500. Aishike mifuko yote miwili. Ataelewa mara moja kazi ya ile sifuri iliyokaa katikati, na ataelewa kwa nini sifuri za mwishoni zikifutwa uzito haubadiliki. Kisha apime kitambaa cha mita moja na sentimita tano, akilinganishe na cha mita moja na nusu.

Lugha ya nyumbani nayo isidharauliwe. Anayesema makumyabiri na mirongo itatu kwa Kinyarwanda amekwisha kutaja makumi mawili na makumi matatu. Anayesema kumi na tatu kwa Kiswahili ametaja kumi, kisha tatu. Mtoto huja shuleni akiwa na nafasi za tarakimu mdomoni mwake, na mwalimu ana pa kuanzia.

Sisi wazazi nasi tujirekebishe. Tumezoea kusoma 1.25 kwa kusema moja nukta ishirini na tano. Mtoto akisikia ishirini na tano, anaona namba kubwa kuliko 1.3, ambayo kwake ni moja nukta tatu tu. Tuseme moja nukta mbili tano. Chukua mfano wa anayebadili fedha. Tuseme ubao mmoja unatoa shilingi 1.8 kwa kila faranga, na wa jirani unatoa 1.75. Mwenye faranga 200,000 atapata shilingi 360,000 kwa wa kwanza na 350,000 kwa wa pili. Anayedhani 75 inaishinda 8 ameacha shilingi 10,000 mezani. Na tukitoka kwenye fedha tukaenda kwenye dawa ya maji ya mtoto mchanga, tofauti ya mililita 2.5 na 25 haihitaji maelezo.

Asije mtu akasema desimali ni elimu ya wasomi. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges aliyeieneza hesabu hii Ulaya kwa kijitabu chake cha mwaka 1585, alikiandikia wapima ardhi, wapima vitambaa na wafanyabiashara, pamoja na wanajimu. Alitaka watu wa kazi waachane na sehemu ngumu zilizokuwa zikiwapotezea muda na mali. Kabla yake, wataalamu wa nchi za Kiislamu kama al-Uqlidisi wa Damascus walikuwa wamekwisha kuzitumia katika karne ya 10.

Tunaiomba Wizara ya Elimu iweke suala la nukta na mkato katika mafunzo ya walimu, hasa wa wilaya za mipakani. Tunawaomba walimu wasiharakishe kuingia katika kujumlisha na kuzidisha desimali kabla mtoto hajaweza kutaja nafasi ya kila tarakimu. Vyama vya wafanyabiashara navyo vinaweza kuzikopesha shule za jirani mizani kwa siku moja, gharama ambayo si kubwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Sasa tuhakikishe kwamba mtoto atakayelirithi anajua kulisoma.