Kamyo ya jeshi inayopiga teke kwenye viteso isipakie watu

Kamyo ya zamani ya jeshi yenye bwate otomatiki ikianza kugonga kila inapobadili viteso, isipakie watu mpaka fundi aiangalie. Ninalisema wazi kwa sababu jibu tunalopewa na wenye kamyo ni lilelile: "Hiyo ni chuma ya jeshi, ndiyo tabia yake." Hapana. Kamyo nzito ikiwa tupu unaweza kusikia mshtuko mdogo viteso vinapobadilika, na hilo ni la kawaida. Lakini ikiruka mbele hadi magunia yakasogea, au ikipiga kishindo chini kila shofere anapotia D ama R, hiyo ni bwate inayoomba msaada.

Wanaopata hasara ya kwanza si wenye kamyo. Ni mama aliyekaa juu ya magunia, mtoto mgongoni, sufuria na godoro kando yake, anayehama kijiji kwa sababu ya vita au anayerudi kuangalia kama shamba lingalipo. Yeye hana mkanda wala kiti. Kamyo ikipiga teke kwenye mpando, anashika kamba au anashika hewa.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kamyo gani. Jeshi la Marekani liliacha kutumia kamyo nyingi, zikauzwa mnadani, na mnunuzi wa kwanza anaweza kumuuzia wa pili na wa tatu. Kuna aina mbili ambazo fundi anatakiwa kuzitofautisha. Ya kwanza ni familia ya M939, kama M923 na M925, kamyo za tani 5. Bwate yake ni Allison MT654CR, ya viteso vitano, na inaongozwa na shinikizo la mafuta tu, bila kompyuta. Ya pili ni LMTV na ndugu zake wa FMTV, wenye kabini iliyokaa juu ya injini. Hao wana Allison MD3070, viteso saba, na kompyuta ndiyo inaamuru. Ugonjwa unaweza kufanana, lakini dawa si moja.

Mafundi wetu wengi walijifunzia kwenye bwate ya mkono. Si aibu, ni kazi waliyoipata. Shida inaanza pale mwenye kamyo anapomwambia fundi afungue bwate mara moja, chini ya mwembe, kwenye vumbi, wakati mambo ya bei ndogo hayajaangaliwa. Bwate otomatiki ikifunguliwa bila kitabu na bila usafi, mara nyingi inarudi mbaya zaidi. Kwa hiyo kuna utaratibu wa kufuata.

La kwanza ni mafuta ya bwate. Yapimwe kamyo ikiwa mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, freni ya mkono imefungwa, bwate imepata joto la kazi. Shofere akanyage freni, apitishe mkono kwenye viteso vyote, arudishe kwenye N, na injini iachwe kwenye relanti wakati kijiti kinasomwa. Mafuta yakipungua, pampu inavuta hewa. Yakizidi, gia zinayapiga mpaka yanatoa povu, na povu haliwezi kushika vizuri. Hali zote mbili zinaleta kuteleza, kisha kishindo. Ukimwaga kwa sababu unaona pungufu bila kupima kwa moto, unaweza kuwa umeongeza ugonjwa.

Aina ya mafuta nayo ni neno zito. Allison iliweka alama ya C-4 kwa mafuta yanayofaa bwate hizi, na mafuta mengine ya injini za dizeli yana alama hiyo kwenye bidoni. Mafuta mazito ya difu hayaingii humo, hata kama ndiyo yaliyobaki sokoni siku hiyo. Yakitoka yananuka kuungua, au yana rangi ya maziwa kwa sababu ya maji, hapo kumwaga na kubadili filtri hakutoshi: tafuta maji yameingilia wapi, au nini kimeungua.

La pili ni relanti. Injini ikizunguka kasi mno wakati shofere anatia D, bwate inapokea nguvu yote mara moja na inapiga. Hapo bwate haina kosa, na kurekebisha relanti ni kazi ya dakika chache.

La tatu, kwa M939, ni kile kifaa kinachoiambia bwate pedali ya mafuta imekanyagwa kiasi gani. Kinaitwa modyuleta. Kwenye bwate za familia hii kinaweza kuvutwa kwa kebo au kusukumwa kwa hewa. Kebo ikikwama kwa kutu, ikipinda, au ikifungwa vibaya baada ya kazi ya injini, bwate inadhani shofere amekanyaga mpaka chini. Inachelewa kubadili, halafu inabadili kwa nguvu. Kebo ikikosewa upande wa pili, viteso vinabadilika mapema, vinateleza, na sahani za ndani zinaungua polepole bila kishindo. Ndiyo maana sipendi fundi anayerekebisha kebo mpaka "kelele inaisha". Kelele inaweza kuisha na bwate ikawa inakufa. Afuate kipimo cha kitabu, ajaribu kamyo bila watu, apime tena.

Kwa LMTV, fundi aanze na umeme. Kamyo hizo zinatumia volti 24, na batri dhaifu au waya wa masi uliooza unaweza kuivuruga kompyuta. Kwenye kitufe cha kuchagulia viteso kuna mishale miwili. Ikibonyezwa pamoja inafungua njia ya kusoma hali ya mafuta, kama kamyo ina kipimo hicho, na namba za makosa. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu. Kompyuta hiyo pia inajifunza: baada ya matengenezo, kamyo iendeshwe kwa utulivu, ipande na kushuka viteso mara kadhaa, ndipo ulaini unarudi.

Na wanaochomelea vyuma vya kukalia nyuma wasikie vizuri. Kuchomea kamyo hiyo bila kutenga batri na kuchomoa plagi za kompyuta kunaweza kuiua kompyuta ya bwate. Unaongeza nafasi ya abiria wanne, unapoteza kamyo nzima.

La nne ni yale yaliyo nje ya bwate. Mpira wa kushikilia injini ukikatika, au misalaba ya shafti ikilegea, kishindo kinasikika kama kinatoka kwenye bwate. Zima injini, zuia magurudumu, ingia chini, shika shafti kwa mikono na uizungushe huku na huku. Ikicheza sana, umepata mwizi. Jambo hili si dogo. Mwaka 1998 jeshi la Marekani lenyewe lilipunguza mwendo wa kamyo za FMTV kwa sababu shafti zilikuwa zinavunjika.

Kama yote hayo ni mazuri na kamyo bado inapiga, ndipo shinikizo lipimwe kwa geji, na ndipo izungumzwe habari ya kufungua.

Najua jibu la wenye kamyo: siku moja ya kulala gereji ni makuta yanayopotea, na vizuizi vya barabarani havingoji. Wengine wanasema ni afadhali kuitoa otomatiki na kuweka bwate ya mkono. Kwa M939 inawezekana kwa fundi hodari, lakini ni kazi ya klachi, pedali, na shafti za urefu mwingine. Kwa LMTV, sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma imeungana na bwate yenyewe. Ukiitoa, umetoa na hiyo. Kabla ya kutumia fedha hizo, bidoni za mafuta, filtri na kebo moja ni rahisi zaidi.

Jambo linalonitia hofu kuliko kishindo chenyewe ni dawa ambayo baadhi ya shofere wanajipa. Wakichoka na kupigwa teke, wanashuka mlima wakiwa kwenye N. Fikirini mteremko wa Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, au Kabasha chini ya Kanyabayonga. Kwenye N injini haishiki tena kamyo. Uzito wote wa watu na magunia unabebwa na freni peke yake. Zinapata moto, zinaacha kushika. Bwate nayo inaumia. Shofere achague viteso vya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Mwaka 1999 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti nzima kuhusu ajali za M939, na miongoni mwa marekebisho yaliyopangwa ilikuwemo freni isiyofunga magurudumu. Kama jeshi tajiri liliona hatari kwenye lami yake, sisi kwenye matope yetu tusijifanye hodari.

Mambo mawili pia kwa abiria, maana ndio wanaoombwa mikono. Kamyo hii ikizima, kuisukuma hakuiwashi. Pampu ya bwate inazunguka na injini tu. Msichoke bure, na msikubali watoto wasimame nyuma yake. Ikivutwa na kamyo nyingine, shafti zitolewe kwanza, la sivyo bwate inazunguka bila mafuta na inaungua kabla ya kufika.

Kwa hiyo naomba mashirika yanayokodi kamyo kupeleka chakula na familia yaweke ukaguzi wa bwate na freni ndani ya mkataba, na yailipie siku hiyo ya gereji. Mkiibana bei mpaka mwenye kamyo asiweze kununua mafuta ya bwate, tofauti hiyo inalipwa na waliokaa juu ya magunia. Naomba pia vitabu vya matengenezo vya kamyo hizi vitafsiriwe kwa Kifaransa na Kiswahili, vifike kwa mafundi wetu. Uwezo wa mikono upo. Kinachokosekana ni vipimo.

Na ninyi kamati za kambi na wakuu wa familia, kabla hamjatoa bei ya safari, muulizeni shofere maswali matatu. Mafuta ya bwate yalipimwa lini, na kwa moto? Kamyo inapiga ikibadili viteso? Mteremko utaushuka kwenye viteso gani? Akicheka, akisema hayo si ya abiria, shusheni mizigo yenu. Kusubiri kamyo ya kesho ni taabu, najua, hasa pale watu wanapokimbia. Lakini pale ambapo kuna nafasi ya kuchagua, hata ya saa moja, saa hiyo itumike kuuliza.