Pasipoti ya Boris Becker na kibali chetu cha kutoka kambini



Juzi mgeni mmoja alikuja kwenye kituo chetu cha vijana kututia moyo. Akatuonyesha picha za Boris Becker, yule Mjerumani bingwa wa tenisi aliyestaafu. Akasema: mtazameni huyu, alianguka, akafungwa, leo amesimama tena, na ninyi mnaweza. Tulipiga makofi, maana wazazi wetu walitufundisha adabu. Lakini jioni tulikusanyika kwenye simu moja iliyobaki na chaji, tukasoma habari zake. Kumbe tulipewa nusu tu!

Nusu tuliyopewa ni ya kweli. Mwaka 1985 Becker alishinda Wimbledon akiwa na miaka 17, tena hakuwa hata kwenye orodha ya wachezaji waliotegemewa. Akarudia 1986 na 1989. Kwa jumla alichukua mataji makubwa sita. Hongera yake, hapo hatuna ugomvi.

Nusu nyingine ndiyo hii. Juni 2017 mahakama ya London ilimtangaza kuwa muflisi, ameshindwa kulipa madeni. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba Jamhuri ya Afrika ya Kati imempa kazi ya mwambata wa michezo na utamaduni kwenye Umoja wa Ulaya, huko Brussels. Juni 2018 mawakili wake wakaiambia mahakama: huyu sasa ni mwanadiplomasia, ana kinga, msimguse kwa madeni haya. Lakini kule Bangui wizara ya mambo ya nje ikasema pasipoti yake ni bandia, eti namba yake ni ya fungu lililoibwa 2014. Becker alikataa, akasema aliipokea kwa balozi mwenyewe. Baadaye aliachana na dai la kinga.

Sisi si mahakama. Kama alidanganywa au alidanganya, hatujui, na kwa pasipoti ile hakuhukumiwa. Lakini jamani, tuulize. Mwaka huo huo wa 2018 mamia ya maelfu ya watu wa Afrika ya Kati walikuwa wakimbizi Cameroon, Chad na Congo. Wenye nchi wanapanga foleni kupata karatasi ya kuonyesha kwamba wapo, halafu mtu wa tenisi anayeishi London anapata pasipoti ya kidiplomasia ya nchi hiyo! Hilo mgeni wetu hakulitaja. Kwetu sisi ndilo la kwanza.

Mwisho wake mnaujua. Aprili 2022 mahakama ya Southwark, London, ilimkuta na hatia katika mashtaka manne ya kuficha mali na deni na kuhamisha fedha. Mashtaka mengine 20 alishinda. Akapewa miaka miwili na nusu. Desemba mwaka huo akatolewa gerezani na kurudishwa Ujerumani, kwa sababu si raia wa Uingereza.

Hapo wengine kati yetu walicheka. Tunawaambia msicheke. Sisi tunalijua neno "kurudishwa" na uzito wake. Ni kweli yeye alirudi kwao, penye amani na watu wanaomjua, hakurudishwa kwenye risasi. Ila alifungwa na akamaliza adhabu yake. Aliyemaliza adhabu amemaliza. Hatumdai kitu.

Sasa tulitumie neno hilo hapa kwetu.

Tuna mwenzetu, jina hatulisemi. Mama yake alilazwa hospitali ya mjini. Aliomba kibali cha kutoka kambini, akaambiwa arudi kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo. Mwishowe akanunua kibali bandia kwa dalali. Akakamatwa njiani, akakaa mahabusu, akaachiwa. Aliporudi akakuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya wanaojitolea, eti hafai kuwa mfano kwa vijana. Mnaona? Becker analetwa kituoni kama mfano, na mwenzetu anafukuzwa kwenye kituo hicho hicho. Kama nafasi ya pili ipo, iwe ya wote. Kama haipo, basi msituletee picha.

Mtu atasema: kwa hiyo mnatetea karatasi bandia? Hapana. Kwa dalali usiende. Anakula pesa yako, anakuacha na kesi, na kesho kila mwenye kibali halali anashukiwa. Tunawaambia vijana hivyo kila siku na tutaendelea kuwaambia. Ila kosa la shida na kosa la kuficha mali havipimwi kwa kipimo kimoja. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unalijua hilo. Kifungu cha 31 kinasema mtu aliyekimbia hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze mapema kwa wakubwa na aeleze sababu yake. Na kifungu cha 28 kinazitaka nchi ziwape wakimbizi waliopo kihalali hati za kusafiria. Maana yake karatasi si zawadi ya mtu mwenye jina.

Tunaomba mambo matatu. Mwenzetu arudishwe kwenye kazi yake ya kujitolea. Mwenye mgonjwa ajibiwe ombi lake la kibali siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni hapana, ajue moja. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mkija kututia moyo, leteni hadithi nzima. Tumeona makubwa kuliko kesi ya Becker. Ukweli wa mtu wa tenisi hauwezi kutuvunja.

Mama wa mwenzetu bado yuko hospitali. Ombi jipya la kibali limepelekwa Jumatatu. Tunasubiri.