Tusiite Kila Hitilafu Kasoro

Mtafsiri wa Kiswahili akikabidhiwa makala ya sayansi, aghalabu hukimbilia kamusi kabla ya kukielewa kitu chenyewe. Madhara ya pupa hii hudhihirika hata katika neno moja: kasoro.

Tuchukue mfano wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani iliyobuniwa na William Buehler katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Waya wa aloi hii waweza kupindwa ukiwa baridi ukabaki umepindika; ukipashwa joto, hurejea umbo lake la awali. Siri imo katika mipangilio miwili ya atomi: martensaiti wakati wa baridi na austenaiti wakati wa joto. Kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, atomi haziachani na jirani zake, bali husogea pamoja kama askari katika gwaride.

Gwaride hilo huathiriwa mno na mahali ambapo atomi hazikufuata kanuni. Nikeli ikizidi nusu ya atomi zote, zile za ziada hukalia nafasi za titani. Nyongeza ya asilimia 0.1 tu yaweza kushusha halijoto ya mabadiliko kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa kijibomba kinachotarajiwa kujitanua ndani ya mshipa wa damu kwa joto la mwili, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Zikizidi zaidi, gwaride huvunjika. Mwaka 2005, Sarkar, Ren na Otsuka walionyesha kwamba aloi yenye asilimia 51.5 ya nikeli haigeuki yote kwa pamoja inapopozwa. Vijisehemu vyake huganda shaghalabaghala, kila kimoja na mwelekeo wake.

Je, atomi hizo za ziada ni kasoro? Kasoro ni upungufu; ndiyo maana tunasema saa mbili kasorobo. Neno hili lafaa pale atomi inapokosekana katika nafasi yake. Halifai pale atomi inapozidi, wala pale safu za atomi zinapoteguka. Tena lina lawama ndani yake, ilhali mhandisi huziweka atomi hizo kwa makusudi ili aloi ibadilike kwa joto alitakalo. Dosari na ila hazitusaidii, kwani nazo zinalaumu.

Napendekeza hitilafu. Kuna watakaosema kwamba neno hili huleta picha ya mtambo ulioharibika. Ni kweli, lakini asili yake ni kutofautiana. Ndiyo maana watu wenye rai mbalimbali husemwa wamehitilafiana. Mahali atomi zinapotofautiana na kanuni, hapo pana hitilafu, iwe ya kupungua, kuzidi au kuteguka.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi nchini Kenya, lakini hadhi hiyo haitoshi kutuzalishia istilahi. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tuketi kwanza na wenzetu wa fizikia na uhandisi, tuulize kitu hiki ni nini na kinafanya nini, ndipo tukipe jina. Mwanafunzi atakayeambiwa kwamba kasoro ndiyo inayoiwezesha aloi kufanya kazi ipasavyo atatuona sisi ndio tusioelewa, na hatakuwa amekosea.