Tamko la Siku ya Wanawake Duniani: Serikali Isimvike Mwanamke, Wala Isimvue

Sisi, wanachama wa chama cha wanawake tuliozaliwa na kulelewa katika nyumba za Kiislamu za mwambao wa Afrika Mashariki, baadhi yetu tukiwa waumini na wengine tukiwa tumeiacha dini, tumekubaliana kwa kauli moja kutoa tamko hili leo, tarehe 8 Machi.

Tumeichagua siku hii kwa sababu ya yaliyotokea Tehran, Iran. Tarehe 7 Machi 1979, wiki chache baada ya utawala wa Shah kuanguka, Ayatollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, alitamka kwamba wanawake wasiingie katika ofisi za serikali bila hijabu. Kesho yake maelfu ya wanawake walimiminika barabarani. Wengi walikuwa wameandamana kumpinga Shah, na wapo waliojitanda chadori kwa hiari yao ili kuonyesha upinzani huo. Walichokataa sasa ni amri. Maandamano yalidumu siku kadhaa, watawala wakalegeza kwa muda tu. Kufikia mwaka 1983 sheria ilikuwa imepitishwa: mwanamke aliyeonekana hadharani bila hijabu angeweza kuchapwa viboko hadi 74.

Hatusahau pia kwamba katika nchi hiyohiyo, Januari 1936, Reza Shah, baba wa Shah aliyeangushwa, alipiga marufuku chadori. Polisi waliwavua wanawake kwa nguvu mitaani, na wapo waliojifungia majumbani kuliko kutoka kichwa wazi. Tawala hizi mbili zilichukiana, lakini zilikosea jambo moja: kila moja ilimfanya mwanamke kuwa bendera yake.

Kwa hiyo TUNATAMKA:

1. Mavazi ya mtu mzima si kazi ya dola. Kutenganisha dini na dola si ukafiri, wala si mzigo tulioletewa na meli. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Utaratibu huo ndio unaomlinda anayeswali swala tano, asiyeswali kabisa, na jirani yao anayekwenda kanisani.

2. Kuihoji hijabu ni haki yetu, na hoja yetu ni hii: inawapanga wanawake kwa madaraja. Historia yetu wenyewe ni shahidi. Katika Zanzibar ya masultani, mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani na binti zao walijitwalia buibui ili nao wahesabiwe waungwana. Hatuwalaumu; walikuwa wanadai utu wao. Lakini swali lililofumwa ndani ya nguo ile bado linatuandama: nani wa kuheshimiwa, na nani amejitakia? Binti akisumbuliwa sokoni, watu huanza kuuliza alivaa nini. Sisi tunasema heshima ya mwanamke haianzii kwenye ushungi, na macho ya mwanamume ni ya mwanamume kuyatunza.

3. Mtoto si wa kusitiriwa kana kwamba ni mwanamke. Msichana wa miaka sita anayefungwa ushungi kwa pini kidevuni, akahimizwa asikimbie wala asipande mti, huku kaka yake akicheza mpira kifua wazi katika jua lilelile, anafundishwa mapema kwamba mwili wake ni kosa.

4. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hiari hiyo haipo pale ambapo anayevua mtandio hutengwa na ndugu, huachwa na mume, hutishwa au huitwa murtadi na kibaraka wa Wazungu. Anayevaa kwa moyo wake ni dada yetu, nasi tutamtetea. Tunataka na anayevua atetewe vivyo hivyo.

TUNAWAENZI wote waliolipia msimamo huu. Katia Bengana, mwanafunzi wa miaka 17, aliuawa kwa risasi huko Meftah, Algeria, tarehe 28 Februari 1994 kwa kukataa hijabu. Vida Movahed, mwishoni mwa Desemba 2017, alipanda juu ya sanduku la mitambo katika Barabara ya Enghelab jijini Tehran, akafunga mtandio mweupe kwenye kijiti na kuupunga kimya mpaka akakamatwa. Jina Mahsa Amini, Mkurdi wa Saqqez mwenye miaka 22, alikamatwa na polisi wa maadili wa Iran kwa sababu ya hijabu tarehe 13 Septemba 2022, akafariki siku tatu baadaye. Narges Mohammadi, mtetezi wa haki za wanawake wa Iran, alitunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2023 akiwa gerezani, wanawe pacha wakampokelea tuzo mjini Oslo.

TUNAKATAA kutumiwa na wanaowachukia Waislamu. Anayemvuta mwanamke mtandio barabarani kwa chuki, iwe Ulaya au hapa kwetu, hatusaidii sisi. Anarudia aliyoyafanya polisi wa Reza Shah.

TUNATOA WITO:

Kwa serikali: zichukulie vitisho dhidi ya wanawake wanaoacha hijabu kuwa ni jinai, si mambo ya kifamilia ya kumalizwa barazani.

Kwa masheikh na maustadhi: mtujibu kwa hoja. Laana si jibu.

Kwa wazazi: muwaache mabinti wakue, kisha waamue wenyewe.

Kwa watetezi wa haki za binadamu wanaonyamaza kwa kuogopa kuonekana wanaudhi dini: mwanamke wa Kiislamu anayekataa hijabu naye ni Mwislamu mwenye haki. Mkimnyamazia, mmeshachagua upande.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote, 8 Machi.