Poka ni Biashara ya Mtaji

Mwaka 2003 mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, Chris Moneymaker, alilipa dola 86 katika mchujo wa intaneti, akapata nafasi katika mashindano makuu ya poka ya Las Vegas na kutoka na dola milioni 2.5. Tangu hapo vijana wengi wametamani kuacha kazi na kuishi kwa karata.

Mfanyabiashara makini hutazama pia ukurasa wa pili wa hesabu. Mwaka huo wachezaji walikuwa 839, kiingilio dola 10,000, na waliolipwa 63 tu. Waliobaki, 776, waliondoka mikono mitupu.

Ni kweli kwamba poka si bahati nasibu. Mchezaji hushindana na wenzake, hivyo mjuzi anaweza kupata faida baada ya muda mrefu. Hata hivyo, mwenye meza hukata chake, ashinde nani. Kuwazidi wengine hakutoshi. Sharti kuwazidi kwa kiasi kinachopita makato hayo.

Ujuzi pekee pia hautoshi. Stu Ungar alitwaa ubingwa huo mwaka 1980, 1981 na 1997, lakini alifariki Novemba 1998 bila mali. Alichovuna mezani kilimezwa na farasi wa mashindano na dawa za kulevya. Chris Ferguson, kinyume chake, alianza mwaka 2006 bila senti, akicheza mashindano ya bure, na mwaka uliofuata akafikisha dola 10,000. Kanuni yake: asiweke mezani zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Mwenye dola 1,000 hukaa na 50.

Ipo hatari nyingine: mtunza fedha. Septemba 2011 serikali ya Marekani ilidai kuwa kampuni ya Full Tilt Poker ilidaiwa na wachezaji dola milioni 390, huku benki ikiwa na takriban milioni 60. Hata washindi walikwama.

Anayetaka kazi hii aoneshe kwanza mtaji uliotengwa na kodi ya nyumba, ada za watoto na bidhaa za duka. Aoneshe pia daftari la miezi mingi lenye faida baada ya makato. Asiyekuwa navyo ni mcheza kamari, na heri abaki na mshahara wake. Mnunuzi wa hisa naye ajipime hivyo hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.