Kutunga Sera au Kuongoza Maoni ya Watu?
Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya Watanzania waliojitokeza walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo, mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuanza kuwaandaa wananchi kwa hoja. Hapo twaona kiongozi akifundisha, si akipiga debe. Ila kazi ya pili, ile ya mezani isiyo na makofi, ilizorota. Tume ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilidumu miaka mingi baadaye. Wapendwa waamini, mgombea akija kuomba kura, tumwulize amesoma ngapi kati ya hizo.